Masika Yakikatika: Kazi za Bustani Mwanzo wa Kiangazi cha Pwani

Kwenye ukanda wa pwani, kuanzia Tanga kushuka Bagamoyo, Dar es Salaam hadi Kilwa, mvua za masika hulegea mwishoni mwa Mei. Juni huingia na upepo wa kusi, asubuhi zenye kibaridi na anga kavu. Kwa mwenye bustani ya mboga huu ndio msimu mtamu kuliko yote: magugu yanapunguza kasi, ukungu wa masika unakatika, na nyanya, ambazo Januari zinapukutisha maua ovyo, sasa zinashika matunda. Tatizo ni kwamba msimu wenyewe haumsubiri mtu.

Hesabu yake iko hivi. Udongo wa kichanga, ambao ndio umetanda sehemu kubwa ya pwani, katika sentimita 30 za juu hushika kama lita 25 hadi 30 za maji yanayofaa mimea kwa kila mita ya mraba. Jua, upepo na mimea yenyewe vinachukua lita 4 hadi 5 kwa siku. Maana yake, mvua ya mwisho ikishanyesha, siku tano au sita baadaye tabaka la juu limekwisha. Chini zaidi, nusu mita na kuendelea, maji ya masika yanakaa kwa wiki kadhaa, ila ni ya mmea ambao mizizi yake imeshafika huko. Kazi zote za mwanzo wa kiangazi ukizichambua zinarudi hapo: miche iwe tayari mapema, mizizi iende chini, na juu pafunikwe kabla hapajakauka.

Ndiyo maana kitalu cha nyanya hakisubiri Juni. Kinaanza katikati ya Mei, masika yakiwa bado yanadondoka, chini ya kijipaa cha nailoni. Miche hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne, inahamia shambani katikati ya Juni, na tunda la kwanza linaiva siku 70 hadi 80 baada ya kupandikizwa kutegemea aina. Hapo uko mwishoni mwa Agosti na Septemba, usiku bado una ubaridi. Anayesia mbegu mwishoni mwa Julai atakuwa na maua Oktoba, joto linapanda na vuli iko mlangoni. Usiku wa joto kali, kwenye nyuzi 24 na zaidi, chavua ya nyanya inakosa nguvu na maua yanadondoka hata kama mmea umenona. Hakuna mbolea ya kulitibu hilo.

Mchanganyiko wa kitalu: ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga wa mto. Samadi iliyooza haina harufu ya zizi, na ukiiminya mkononi haitoi joto. Mwaga maji yaliyochemka juu ya mchanganyiko, ufunike kwa nailoni, uache upoe siku nzima. Chora mistari ya kina cha sentimita moja, umbali wa sentimita 15 kati ya mstari na mstari, na upande mbegu mojamoja zikiachana sentimita mbili hivi. Ukitaka miche 100 mizuri, panda mbegu kama 130. Nyanya huota kati ya siku ya tano na ya nane.

Kinachoua miche kitaluni kipindi hiki mara nyingi ni kinyausi. Shina linalegea pale pale linapotoka ardhini, linakuwa jembamba kama uzi, mche unalala ukiwa bado wa kijani. Ni ukungu wa udongoni, unaofuata unyevu uliopitiliza na msongamano. Dawa ya kwanza ni kumwagilia asubuhi tu, ili uso wa udongo uwe umekauka ifikapo jioni. Ya pili ni kupunguza miche iliyobanana. Ya tatu ni kuinua kijipaa ili upepo upite. Wengi huweka nailoni chini mno, sentimita 30 kutoka ardhini, na hapo wanatengeneza jiko la kulea ukungu. Weka juu, sentimita 70 au zaidi. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe kivuli taratibu, kwanza kwa muda wa saa mbili, kisha wa saa nne, kisha siku nzima. Mche uliokaa kivulini mpaka siku ya kuhamishwa huungua majani siku ya kwanza.

Miche ikiwa kitaluni, kazi ya jembe ni kugeuza matuta. Wakati wa masika tuta linanyanyuliwa sentimita 20 au 25 ili mizizi isizame. Kiangazi kikiingia, tuta lile lile linakauka kwa juu na kwa kingo zote, na maji unayomwagilia yanateremka kwenye njia. Kwenye kichanga, lishushe liwe tuta la kuzama. Upana mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na njia ya nusu mita. Chimba sentimita 20 za udongo wa juu uziweke pembeni, toa sentimita 10 nyingine za chini uzipeleke kwenye njia, kisha rudisha udongo wa juu ukiwa umeuchanganya na samadi debe moja kwa kila mita ya mraba. Ukishasawazisha, uso wa tuta ubaki chini ya njia kwa sentimita saba au nane. Usikadirie usawa kwa macho: mwaga ndoo ya maji upande mmoja uone yanakimbilia wapi, halafu rekebisha kwa reki. Tuta lisilo sawa litakuwa na mwisho mmoja wenye matope na mwingine wenye vumbi msimu mzima.

Mabondeni kwenye mfinyanzi usifanye hivyo. Juni huwa na mvua za kuchelewa, na tuta la kuzama kwenye mfinyanzi linageuka dimbwi. Huko shusha tuta libaki na mwinuko wa sentimita 10 tu. Na usilime mfinyanzi ukiwa bado mbichi. Chukua tonge la udongo, liminye, lidondoshe kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, lima. Likibaki tonge na kung'aa pale kidole kilipopita, subiri, maana ukilima utapata mabonge ya kugonga na nyundo hadi Oktoba.

Kabla hujachagua tuta lipi liwe la nini, angalia jua. Wengi hulisahau hili. Juni jua la pwani haliko utosini. Adhuhuri limeegemea kaskazini, na kwa Dar es Salaam mwegemeo huo ni kama nyuzi 30. Ukuta wa mita mbili unatupa kivuli cha zaidi ya mita moja upande wake wa kusini, saa sita mchana, na asubuhi na jioni kinarefuka zaidi. Tuta lililokuwa na jua zuri Desemba chini ya ukuta huo, sasa liko gizani. Upande wa kusini wa ukuta au nyumba weka matembele au chainizi, ambazo zinavumilia kivuli kiasi. Nyanya, pilipili na bamia zipeleke upande wa kaskazini au mahali pa wazi. Siku zenyewe pia ni fupi kidogo, jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na kuzama saa kumi na mbili na robo, hivyo kila saa ya jua ina thamani.

Sehemu iliyokuwa na nyanya, bilinganya, nyanya chungu au pilipili masika yaliyopita usiirudie. Hizo zote ni ukoo mmoja na zinarithishana mnyauko wa bakteria, ambao kwenye udongo wa joto na majimaji wa masika unazaliana sana. Dalili yake inawachanganya watu: mche umenawiri, mchana unanyauka, usiku unainuka, siku ya tatu hauinuki tena, na majani bado ni ya kijani. Mtu anadhani ni kiu, anaongeza maji, anausambaza. Kipimo chake ni rahisi. Kata shina karibu na ardhi kwa kisu safi, kipande cha sentimita 10, kishikilie wima kwenye glasi ya maji masafi, ncha ya chini ikigusa maji. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye ncha, ni bakteria. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, choma, osha jembe, na mahali hapo weka mahindi, mchicha au kabichi kwa miaka isiyopungua mitatu. Dawa ya kupuliza haipo, na muuza dukani akikwambia ipo, muulize inafikaje ndani ya shina.

Ukiwa unang'oa mabaki ya masika, tazama mizizi. Vinundu kwenye mizizi ya bamia au nyanya, ambavyo ukivikwangua havitoki, ni minyoo fundo, wageni wa kudumu wa kichanga. Usivichanganye na vinundu vya kunde, ambavyo vinabanduka kwa kucha na ndani vina wekundu. Hivyo ni vya faida. Tuta lenye minyoo fundo liongezewe samadi nyingi, lipandwe mahindi, vitunguu au mbangi mwitu (marigold, siyo bangi) msimu huu.

Ndago nazo zina wakati wake, na ndio huu. Udongo bado laini, kwa hiyo chimba kwa uma, siyo kwa jembe, ufuate mpaka kitunguu cha chini. Jembe linakata ule mnyororo wa vitunguu na kila kipande kinaota upya. Vilivyochimbwa vianike juani mpaka vikauke kabisa, visiingie kwenye shimo la mboji.

Kupandikiza nyanya ni kazi ya kuanzia saa kumi na moja jioni. Mwagilia kitalu saa moja kabla, ili mche utoke na udongo wake. Aina fupi kama Cal J au Roma zipande sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya mche na mche. Ndefu kama Moneymaker na chotara nyingi za kufunga kwenye fito zipe sentimita 90 kati ya mistari na 50 kati ya miche. Shimo la sentimita 15, viganja viwili vya samadi, kizibo kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia), ambacho ni kama gramu tano. Changanya vizuri na udongo halafu tandaza udongo mtupu kidogo juu yake. Mbolea ikigusa mizizi michanga inaichoma, na mche unadumaa wiki mbili nzima huku ukidhani ni aina mbaya. Zika shina mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya linatoa mizizi popote lilipofukiwa. Pilipili na bilinganya usizizike hivyo. Nusu lita ya maji kwa kila shimo, na kuti dogo la kukinga jua kwa siku tatu.

Fito nazo zisimikwe siku hiyo hiyo, siyo mwezi ukipita, kwani utakata mizizi. Urefu mita moja na nusu hadi mbili, sentimita 40 ziwe ardhini. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki karibu kila siku, kwa hiyo fito ikae upande huo wa mche. Upepo ukisukuma, mche unavuta kamba kuelekea mbali na fito. Ukiweka fito upande wa pili, shina linasuguliwa nayo mchana kutwa na kidonda chake ni mlango wa magonjwa. Funga kwa kamba ya katani au kitambaa cha pamba, kwa mtindo wa namba nane, mduara mmoja kwenye fito na mmoja uliolegea kwenye shina. Asubuhi ya kwanza pita uangalie kama kuna mche uliokatwa chini kama kwa wembe. Huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua kwa kidole sentimita mbili au tatu kuzunguka shina utamkuta amejikunja, wa kijivu. Bomba la karatasi ngumu, refu kama kidole, likizungushiwa shina nusu ndani ya udongo nusu nje, linamzuia.

Sasa maji. Tuta la mita moja kwa tano linahitaji lita 20 hadi 25 kwa siku kwa mimea iliyofunika ardhi. Siku kumi za kwanza mwagilia kila siku, kidogo kidogo. Baada ya hapo badilisha: siku moja ndiyo, moja hapana, lakini kila mara mara mbili ya kipimo, yaani ndoo nne au tano za lita 10 kwa tuta hilo. Kurashiarashia kila jioni kwa mpira mpaka juu paonekane peusi kunawafurahisha wenye kushika mpira tu. Maji yanaishia sentimita tatu, mizizi inapanda kuyafuata, na siku umeme ukikatika na pampu isifanye kazi, mimea inanyauka ifikapo saa tano asubuhi. Ukitaka kujua, nusu saa baada ya kumwagilia chimba kishimo kwa kisu. Unyevu usipofika sentimita 15, hujamwagilia.

Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, siyo juu ya majani. Hii ni muhimu zaidi kwa wenye visima vya karibu na bahari, maana kadiri kiangazi kinavyosonga maji yanazidi kuwa ya chumvi. Tone la maji ya chumvi likikauka juu ya jani linaacha alama ya kuungua, na kingo za majani ya zamani zinakuwa kahawia. Maji ambayo ulimi unaonja chumvi waziwazi usiyapeleke kwenye maharage, karoti wala vitunguu. Spinachi inavumilia, mchicha nao kiasi, nyanya iko katikati. Mara moja kila wiki mbili mwaga mara mbili ya kawaida, kwa maji mazuri zaidi uliyonayo, chumvi ishuke chini ya mizizi. Chupa za plastiki zilizotobolewa kizibo na kuchomekwa kichwa chini zinasifiwa sana. Kwa mche mdogo ni sawa, lakini mnyanya wenye matunda unaweza kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa hiyo utajikuta unajaza chupa tangu alfajiri.

Matandazo yawekwe siku saba hadi kumi baada ya kupandikiza, mara tu baada ya kumwagilia kwa kushibisha. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, umefungia ukavu ndani. Nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya mgomba yaliyokatwakatwa, au maganda ya mpunga, unene wa sentimita tano hadi saba, na uache duara tupu la sentimita tano kuzunguka shina. Pwani kuna suala la mchwa, ambao nyasi kavu ni karamu yao. Mchwa wanaanza na nyasi, nyasi zikiisha wanageukia mashina. Inua matandazo kila wiki, ukiona mifereji ya udongo ivunje, na mahali wanapojitokeza sana tumia maganda ya mpunga badala ya nyasi. Maranda ya fundi seremala yakae juu tu. Ukiyachanganya na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni yote na mboga zinakuwa njano. Konokono waliobaki na masika hujificha humo humo chini. Weka ubao au gunia bichi jioni, uwaokote asubuhi.

Naitrojeni yenyewe, kwenye kichanga, masika yameshaisukuma chini. Ndiyo sababu mboga za Juni hupauka kuanzia majani ya chini. Kwa nyanya toa CAN (mbolea ya kukuzia) kizibo kimoja kwa mche wiki ya tatu au ya nne, sentimita 10 kutoka kwenye shina, ufukie. Kwa mboga za majani urea vizibo viwili kwa mita ya mraba, ifukiwe na kumwagiliwa papo hapo. Urea ikiachwa juu ya mchanga wenye unyevu kidogo inageuka hewa, na ukisikia harufu kali ya mkojo tutani, ndiyo hiyo hela inaondoka. Nyanya zikishaanza kuchanua, punguza, la sivyo utapata msitu wa majani.

Mboga za majani hazina makuu. Mchicha: kijiko kimoja cha chai cha mbegu kwa mita tatu za mraba, changanya na viganja viwili vya mchanga mkavu ili zisambae, funika kwa udongo usiozidi nusu sentimita, halafu nyasi nyepesi mpaka zichomoze siku ya tatu au ya nne. Ondoa nyasi siku hiyo hiyo. Sisimizi hubeba mbegu za mchicha. Ukiona sehemu tupu zenye umbo la njia, wao ndio wahusika, sia tena ukiweka majivu pembeni. Kipindi hiki cha ubaridi mchicha unachelewa siku chache kuliko Februari. Sia robo ya tuta kila baada ya wiki mbili, usisie lote kwa pamoja. Matembele yaliyotambaa masika yote yakate, chagua ncha zisizo na majani ya marakaraka, sentimita 30 kila moja, zika theluthi mbili.

Wadudu ndio bei ya msimu mkavu. Mvua za masika zilikuwa zinawaosha; sasa hakuna wa kuwaosha. Vidukari huanzia ncha changa za chainizi na sukuma wiki. Sabuni ya maji kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, ipulizwe jioni chini ya majani, baada ya kujaribu kwenye jani moja kwanza. Utitiri unapenda vumbi na joto. Majani ya chini ya bilinganya na nyanya chungu yanakuwa na vidoa vidogo vyeupe, na ukigeuza jani kuna utando mwembamba. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, ng'oa yaliyochakaa, na usikimbilie dawa za wadudu za kundi la pairethroidi, kwani zinaua wadudu wanaokula utitiri na wiki mbili baadaye hali inakuwa mbaya zaidi. Inzi weupe wanaleta kile ambacho wakulima huita rasta: majani ya juu yanajikunja, yanakuwa madogo na ya njano, mmea unadumaa. Hautapona. Ng'oa mapema, na linda kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo, maana ugonjwa huu ukiingia kwenye mche mchanga hakuna mavuno kabisa.

Kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, naye anaongezeka kiangazi. Inua jani juani: utaona michirizi mipana iliyopauka, ndani kuna kiwavi na vinyesi vyeusi. Kwenye tunda anatoboa karibu na kikonyo, tundu dogo kama la sindano. Tundika kivutio chake cha harufu sentimita tatu juu ya beseni la maji ya sabuni, usawa wa nusu mita kutoka ardhini, siku ile ile unayopandikiza. Beseni linakamata madume tu, hivyo halimalizi tatizo. Kazi yake ni kukuambia ameshafika. Majani yenye michirizi yachume kila baada ya siku mbili, yafungie kwenye mfuko mweusi wa nailoni, uache juani wiki nzima. Ukiyatupa kando ya tuta, umewahamisha tu nyumba. Ukilazimika kupuliza dawa, badilisha kundi la dawa, siyo jina la chupa tu, kwa sababu huyu anazoea haraka.

Machipukizi ya kwapani kwenye nyanya ndefu yavunje kwa vidole yakiwa na sentimita tano, asubuhi, uache shina moja au mawili. Nyanya fupi usiziguse. Ukizipunguza umepunguza matunda. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, kwani tumbaku inaweza kubeba virusi vya nyanya.

Matunda ya kwanza yakitokea na kidonda cheusi kigumu kwenye kitako, watu hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya wadudu. Huko ni kuoza kitako, na hakuna mdudu. Tunda linakosa kalsiamu, na kalsiamu inasafiri na maji. Tuta likikauka siku tatu kisha likafurikishwa, safari inakatika na ncha ya tunda ndiyo ya mwisho kupata. Maji ya chumvi na urea nyingi vinazidisha. Chuma yaliyoharibika, nyoosha ratiba ya maji, ongeza matandazo. Vishada vinavyofuata vitakuwa salama hata bila dawa ya kalsiamu ya kupulizia majani.

Kwenye miti kazi ni chache. Mwembe usiukate matawi sasa, maana ncha hizo ndizo zitakazochanua kati ya Juni na Agosti, na usiumwagilie wala kuupa naitrojeni kabla haujachanua, utaleta majani badala ya maua. Vishada vikianza kurefuka, angalia unga mweupe wa ugonjwa wa ubwiri; salfa, ile ile inayotumika kwenye mikorosho, ipulizwe mapema asubuhi kabla jua halijawa kali. Mgomba ubaki na mama, mtoto na mjukuu. Chipukizi la ziada ukilikata juu tu litarudi wiki ijayo. Chomeka ncha ya panga katikati yake uzungushe mpaka moyo utoke, na majani uliyokata yapeleke moja kwa moja kwenye matuta ya nyanya.